Mkwe Nyuma ya Ubao

Baada ya kumzika Maman Riziki tulirudi kwenye ukumbi wa parokia kule Laeken, Bruxelles, na chakula kikaanza kupakuliwa. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni. Ndipo ninapokaa siku zote kwenye mikusanyiko, kwa sababu mtu aliye karibu na jikoni huonekana kama ana kazi na hakuna anayemwuliza mbona yuko peke yake. Kutoka pale nilimwona Hiroki, mkwe wa marehemu, aliyekuja kutoka Osaka na mke wake Sifa na mtoto wao wa kike. Alipokea sahani yake ya fufu na sombe ya majani ya muhogo, akapita katikati ya meza zote bila kuketi, akatoka mpaka kwenye korido, akavuta kiti cha plastiki na kukaa akiutazama ukuta. Nyuma yangu wamama wawili waliacha kutafuna.

"Umeona ule Muchina?"

"Si Muchina. Ni Mujaponé."

"Bon, ata kama. Batu banalia, ye anaenda kula na ukuta."

"Iko na kiburi. Miye nilisemaka tangu zamani."

Ningeweza kugeuka na kuwaeleza. Nilitunga sentensi ya kwanza kichwani, nikaiona ina ukali, nikaifuta. Nikatunga ya pili, nikaiona inajipendekeza. Ndivyo nilivyo: kabla sijasema neno nimeshajijibu na kujiombea radhi, na nikiwa tayari, watu wameshahamia habari nyingine. Lakini wakati bado natafuta ya tatu, Hiroki alikunja kidole akagonga ukuta mara mbili, taratibu. Akangoja kidogo. Kisha akamega fufu. Sahani yangu ikanizidia uzito, nikaiweka chini, kwa maana kugonga kule nilishawahi kukusikia kutoka upande wake wa pili.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza masomo ya afya ya jamii kule Woluwe na sikuwa na kazi. Nilipanga chumba cha juu kabisa, chini ya paa, katika nyumba ya zamani ya Saint-Gilles, si mbali na stesheni ya Midi. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye uwezo. Sasa ilikuwa imekatwakatwa vyumba, na mlangoni kengele zilikuwa nyingi kuliko nafasi ya majina. Dirisha langu lilitazama juu, hivyo sikuona mtaa wala watu, niliona mawingu tu. Asubuhi niliandika maombi ya kazi. Mchana nilisoma upya yale niliyokwisha kuyatuma, nikitafuta neno lililoniharibia. Nilijifunza saa za majirani ili nisikutane nao kwenye ngazi. Sikuwachukia. Ila sikujua kama katika salamu ya ngazini mtu anapaswa kusimama au kuendelea kushuka, na swali hilo peke yake lilitosha kunirudisha ndani. Zilikuwapo siku ambazo neno langu la kwanza lilikuwa "merci" ya jioni kwa mwenye duka, na sauti ikatoka imekwaruza kama ya mgonjwa.

Maman Riziki aliishi ghorofa ya chini yangu. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpana, mwenye hatua nzito, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Siku moja alinikamata kwenye ngazi na mkate wangu kwapani. "We mutoto, uko juu unakulaka nini? Sisikiake ata harufu." Nilisema nakula vizuri tu. Aliutazama ule mkate kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa asiyejua hali yake. Jioni ile bomba la radiator ya kupashia nyumba joto, lililopanda kutoka jikoni kwake hadi chumbani kwangu, liligongwa mara mbili kwa mwiko. Nilikaa nikiwaza: ni mimi? Au bomba limeharibika? Nikishuka na kumbe hakuniita? Likagongwa tena, na sauti ikapanda kwenye ngazi: "Mademoiselle Diplôme! Sombe inapoa!"

Tangu hapo nilikula kwake karibu kila alipokuwa hayuko kazini. Meza yake ilifunikwa plastiki yenye picha za malimau, na televisheni iliwashwa bila sauti, kwa sababu, alisema, nyumba isiyo na sura ya mtu ni jela. Ukutani zilijaa picha za Sifa, binti yake wa pekee, aliyeolewa Osaka na fundi wa lifti. Maman alikuwa hajawahi kumwona mkwe wake ana kwa ana. Usiku ilipofika habari ya Sifa kujifungua sikuwepo, nilikuta asubuhi sanduku limefunguliwa kitandani, limeshajaa unga wa muhogo na ndagala wakavu.

"Sifa amezala," alisema. "Mama njo anaendaka kuogesha mutoto na kukanda muzazi. Si ivyo? Ametuma tiketi mbili. Mukwe anajua Kijaponé na Kiingereza kidogo. Miye Kiingereza yangu ni yes na no. Utanisindikiza."

"Lakini Maman, mimi sijawahi kufika Japani."

"Na miye? Tutapotea wawili. Afazali wawili."

Watu wakiniuliza juu ya Osaka hutaka niwaambie taa na maghorofa. Kitu cha kwanza kilichonishika mimi kilikuwa ukimya wa treni. Ilitutoa uwanja wa ndege ikapita juu ya daraja refu lenye bahari pande zote, behewa limejaa, na hakuna aliyesema neno. Konda aliyevaa kofia na glavu nyeupe alifika mlangoni, akageuka, akaliinamia behewa zima kabla ya kutoka. Sikujua kama anangoja jibu, basi nikainama na mimi, peke yangu. Maman alikuwa ameingia kama aingiavyo kanisani kwake, akisalimu kila safu: "Bonjour, papa. Bonjour, maman. Bonjour, mes enfants." Vichwa vilizidi kuinamia simu. Akakaa, akaninong'oneza kwa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa ya kawaida: "Kuna matanga?"

"Hapana, Maman. Ndivyo wanavyosafiri."

"Batu bote aba, na akuna mwenye anauliza mwenzake ameamuka je?"

Bibi mmoja mwenye nywele za zambarau alikuwa akitutazama. Alifungua mkoba, akatoa pipi, akaiweka kwenye kiganja cha Maman na kukifunga vidole vyake kimoja kimoja. Maman naye akafungua mkoba, akatoa pipi ya mnanaa ya Ubelgiji. Bibi akacheka kwa kuficha mdomo, akatoa nyingine. Walibadilishana pipi namna hiyo mpaka bibi aliposhuka, bila lugha yoyote. "Ule ni mama wa kwetu," Maman akakata shauri. "Abengine bote ni bagonjwa."

Mimi, kusema kweli, siku za mwanzo nilifarijika. Maman alipokuwa akimwogesha mtoto nilitembea peke yangu, nikaona kama mji mzima umejengwa kwa ajili ya watu wa aina yangu. Milango ya teksi ilijifungua yenyewe. Kila kona palikuwa na mashine ya vinywaji inayotoa kahawa ya moto kwenye kopo, na nyingine ilitoa sauti ya mwanamke kunishukuru, nikajikuta naijibu. Mitaani hapakuwa na pipa la taka, nami nikazunguka na kopo tupu mfukoni nusu siku nikiwaza wenzangu wanaficha wapi. Kwenye ngazi za umeme watu walisimama upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna aliyemgusa mtu. Madirishani mwa migahawa palikuwa na vyakula vya plastiki vinavyong'aa, ndani watu wakila mmoja mmoja, kila mmoja na bakuli lake. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Hakuna aliyehitaji nijibu chochote. Kisha, mchana mmoja, nikiwa nimesimama chini ya barabara inayopita juu ya nguzo, mvua ikinyesha pande zote na mimi nimekauka katikati, hofu ikanipata. Niliona kwamba maisha yangu ya Saint-Gilles, niliyodhani ni ajali ya mwaka mmoja, yanaweza kutengenezewa mji mzima, na mtu akaishi humo hadi uzee bila kukosa kitu ila kugongewa bomba.

Nyumba ya Hiroki na Sifa ilikuwa chumba kimoja. Unavua viatu kwenye kijisehemu cha mlangoni, hatua chache uko jikoni, chache nyingine uko kwenye godoro la mzazi, na meza fupi ya kulia katikati. Mlango pekee wa kufunga ulikuwa wa bafu. Jioni ya kwanza Hiroki alirudi kutoka kazini mapema. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vya fundi. Alipika samaki na wali, akamwekea Maman mto mzuri mahali pa heshima, akainama mpaka nikaona kisogo chake. Maman alijifunika kitenge nusu ya uso, akatazama pembeni, akasema aksanti kwa ukuta. Kisha akachukua bakuli lake, akaingia bafuni na kufunga mlango. Tukabaki watatu mezani, tukisikiliza kijiko kikigonga bakuli kule ndani.

Mimi nilijua, kwa kuwa nimesikia mengi kwenye meza ya malimau. Kwao kuna bukwe, ile heshima ya wakwe: mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawalali chini ya paa moja, na hawali wakionana. Kuonwa unatafuna ni karibu na kuonwa uchi. Ndiyo maana tulilala hotelini, vitanda viwili na nafasi ya kufungua sanduku moja kwa zamu. Lakini Hiroki hakujua. Jioni ya pili alileta uma na vijiko, akidhani tatizo ni vijiti. Baadaye akakaanga viazi akaweka na mayonezi, kwa sababu alisoma mahali kwamba watu wa Ubelgiji hupenda hivyo. Maman alivipeleka bafuni. Jioni iliyofuata nilimwona, kabla ya kuketi, akinusa kwa siri kola ya shati lake.

Siku hiyo nilikuwa nikikunja nepi, Maman na Sifa wakiwa jikoni wamenipa mgongo. Katika nyumba ya chumba kimoja husikilizi kwa kuiba. Huna pa kwenda tu.

"Maman, anauliza amekufanya nini."

"Ajanifanya kitu. Ni mukwe muzuri."

"Alors kaa mezani!"

"Sifa. Mama yangu akukulaka mbele ya baba yako ata siku moja. Leo miye nifungue kinywa mbele ya bwana yako, atakuwa nani kwangu? Mutu wa njia?"

"Tuko Osaka, Maman. Hatuko Bukavu. Nimemwambia umechoka na safari. Mtu anachoka mpaka lini? Anaona unamdharau, ndani ya nyumba yake! Bon, écoute. Kama huwezi kukaa na bwana yangu, urudi Bruxelles. Mtoto utamuona kwa téléphone."

Maman aliendelea kuosha chupa ya mtoto, na alipomaliza akaiosha tena.

Hotelini alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti. "Nikikula mbele yake, nimemutukana," alisema. "Nisipokula, nimemutukana. Sasa nikulie wapi, Mademoiselle? Weye umesoma."

Nilikuwa na maswali yangu tu, nayo nilikaa nayo hadi kesho yake kutwa. Mimi si ndugu. Sifa ameamua kutomweleza mume wake. Nani kanipa ruhusa? Kiingereza cha Hiroki ni cha polepole. Je, akielewa nusu, na nusu hiyo ikawa mbaya zaidi? Nilijiambia nitasema kesho. Lakini jioni, Hiroki alipokuwa akishusha taka, Sifa aliniomba nimsaidie mume wake mfuko mmoja. Wakati wa kurudi Hiroki alisimama kwenye mashine ya vinywaji, akaninunulia kahawa ya moto, na kabla sijaifungua akauliza, akipanga maneno moja moja kama anayeweka vyombo:

"Mama ananiona mchafu?"

Sentensi zangu zote zilinitoka. "Hapana," nikasema. "Hapana. Anakuheshimu. Kwao, mama mkwe hali mkwe akimwona. Bafuni anaingia kwa sababu yako, siyo kukukimbia. Ni heshima kubwa. Sijamwona akimpa mtu mwingine."

Alishika kopo lake kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka nikaanza kutafuta namna ya kuomba radhi. Kisha akasema, "Asinione. Nisimwone."

"Ndiyo."

"Lakini karibu? Karibu inawezekana?"

Jambo hilo, katika kuwaza kwangu kote, sikuwa nimeliwaza. Nilijiuliza juu ya bafu: ukuta mwembamba, hatua tatu kutoka mezani, na kila kijiko tulikisikia. "Nadhani inawezekana," nikasema.

Ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. "Basi mama amekuja kwenye mji unaomfaa."

Mchana wa mapumziko yake alitupeleka kwenye duka la tambi karibu na kituo, Sifa akiwa amembeba mtoto kifuani na uso umekazwa. Maman aligoma mlangoni. "Kukula na ye? Siingii." Nikamwambia, "Ingia uone kwanza, Maman. Ukikataa tutaondoka wote." Akaingiza kichwa. Ndani palikuwa na meza moja ndefu inayofuata ukuta, imegawanywa kwa mbao zilizosimama kila mahali pa kukaa, hivi kwamba mlaji hamwoni wa kulia wala wa kushoto. Mbele palikuwa na pazia la mianzi. Mikono ilipitisha bakuli chini yake, ikainama, pazia likashuka. Hapakuwa na sura ya mtu yeyote, migongo tu. Maman aliangalia kwa muda.

"Ii ni ya kuungama?" akauliza. "Padri iko nyuma?"

Hiroki alikaa wa mwanzo. Maman akafuata, mimi, halafu Sifa na mtoto. Kati ya Maman na mkwe wake palikuwa na ubao mmoja usiozidi unene wa kidole. Bakuli zilikuja, mvuke ukapanda. Nilishika vijiti bila kula, nimetega sikio. Upande wa mbali Hiroki alianza kuvuta tambi kwa sauti, kama wanavyokula wote kule. Kwa Maman, kimya. Nikawaza: nimeharibu. Heshima ni ya macho tu au na ya masikio? Atanyanyuka sasa hivi, na nitakuwa mimi niliyemleta.

Kisha nikasikia mgongo wa kidole kwenye mbao. Mara mbili, taratibu, vilevile kama mwiko kwenye bomba la Saint-Gilles. Sauti ya tambi ikakatika. Ikapita pumzi moja ndefu. Upande wa pili ukajibu, mara mbili.

"Bon," nikamsikia Maman akisema. "Tukule."

Alikula bakuli lote na kunywa mchuzi. Katikati aliniegemea kidogo nyuma ya ubao wetu na kuninong'oneza, kwa sauti yake ile, kwamba mukwe wake anakula na makelele kama mutoto, ni kitu kizuri, mutu wa vile hana roho mubaya. Sifa alisikia. Nilipochungulia nilimwona amekiegemeza kichwa cha mtoto shingoni, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka. Usiku ule alitundika kitenge cha mama yake kwenye kamba katikati ya chumba, juu ya ile meza. Maman alikaa upande wa dirisha, Hiroki upande wa mlango, sisi wengine tulijipenyeza tulipoweza. Hakuna aliyerudi tena bafuni na sahani. Tulikaa Osaka mpaka mtoto alipoanza kucheka.

Mwaka ulipokwisha nilipata kazi Ghent nikahama. Nilidhani nitarudi Saint-Gilles kila wiki, nikarudi mara chache kuliko nilivyodhani. Ghent nilipanga nyumba mpya yenye radiator zisizo na bomba la nje, na katika miezi ya kwanza, jioni, bado nilikuwa nikinyamaza ghafla nikisikiliza. Maman alizoea kunipigia simu. "Umekula?" ndiyo ilikuwa salamu yake, na nilipojibu ndiyo aliuliza, "Na nani?"

Pale Laeken, wamama waliokuwa nyuma yangu waliongezeka. Maman Faida, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Bukavu kwa ajili ya maziko na ambaye hakuwahi kumwona Hiroki kabla ya siku ile, alisogea na sahani yake. Alitazama koridoni, akatazama ule mgongo uliokaa wima mbele ya ukuta mtupu.

"Mutoto," akaniambia, "weye uliishi na dada yangu. Ule anafanya nini kule peke yake?"

Sentensi ilikuja yenyewe, sikuikagua.

"Hayuko peke yake, Maman. Anakula na mukwe yake."

Maman Faida alisimama pale, kijiko mkononi, mpaka Hiroki alipogonga tena ukuta na kuendelea kula. Kisha akageuka, akavuta kitenge chake kikafunika nusu ya uso, akawaambia wale walioko jikoni:

"Mumuongezee sombe. Muweke tu pale chini karibu yake. Musimuangalie."